Mlango Mpya wa Chumba cha Mama

Jumatatu, 1 Julai

Kijana wetu mkubwa amepiga simu asubuhi, nikiwa na randa mkononi. Nyumba waliyopanga inabomolewa. Barabara inapanuliwa, wamepewa wiki mbili. Alisema yote kwa pumzi moja. Nikajua anangoja niseme mimi. Nikasema njooni. Ningesema nini? Mkewe mimba imeingia mwezi wa nane, na wana yule binti wa miaka minne tunayemwita Kasuku, kwa vile kila anachokisikia lazima akirudie.

Baada ya simu sikurudi kwenye mbao. Nilikaa.

Nyumba yetu ina vyumba viwili tu vya kulala. Chetu mimi na mke wangu, na kile kingine. Kile kingine kimeshakuwa kila kitu. Nilipokijenga kilikuwa cha kukaushia mbao, mpaka mke wangu alipopata mimba ya kwanza akaniambia nichague, mbao au yeye. Kikawa cha watoto. Watoto wakaondoka mmoja mmoja, kikawa cha wageni, na wageni wasipokuwepo kikawa cha kupigia pasi. Halafu miaka sita iliyopita macho ya Mama yakazima kabisa, nikaenda kumchukua. Nilimwambia mbele ya watu, Mama, hiki ni chako, hakuna atakayekuhamisha hapa.

Sasa wanakuja watatu na nusu.

Ee Mola, nipanulie. Sikuombi nyumba kubwa. Nipanulie akili tu.

Alhamisi, 4 Julai

Leo nimemwambia Mama. Nilimkuta kitandani anakunja nguo zake, pindo kwa pindo, utadhani anaziona.

Chumba kile Mama anakijua kuliko mimi niliyekijenga. Akiingia mlangoni, kitanda kiko kushoto. Meza ya jagi iko kulia. Msumari wa taulo uko nyuma ya mlango, usawa wa bega. Hatua sita mpaka miguuni mwa kitanda, na hapo, kwenye ubao, pana alama niliyomchongea kwa patasi wiki ile aliyohamia. Kijishimo cha kuingia kidole gumba. Akishakishika anaupa ubao mgongo, anatandika msala mbele yake, na uso wake uko kibla, upande wa dirisha. Siku niliyomwonyesha alinishika kichwa akaniombea dua ndefu mpaka nikaona haya. Tangu hapo hajamwuliza mtu aelekee wapi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Watoto waje. Mimi nipelekeni kwa dada yako."

Nikasema, Mama, hiki ni chumba chako, nilishakwambia.

"Uliniambia mlipokuwa wachache."

Kwa dada hapendi. Hajawahi kutamka, lakini kila akirudi kutoka huko hulala siku mbili mfululizo. Ghorofa ya tatu, ngazi zisizo na pa kushika. Na dada akihamisha kiti hasemi. Kwa hiyo Mama huko anakaa mahali pamoja kutwa nzima, kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe.

Hapana. Mama haendi. Nimeshasema na naandika hapa nisije nikajifanya sikusema.

Jumapili, 7 Julai

Dada yangu hapigi simu kuzungumza, hupiga kutangaza. "Mdogo wangu, kwenu sasa pamekuwa stesheni. Mleteni Mama huku apumzike."

Nikamwambia Mama habanduki.

"Utamweka wapi, juu ya kabati?"

Mke wangu alikuwa karibu, akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Nikachukua tepu nikaingia chumbani. Mama alikuwa amekaa uani anaota jua, nami nikapima taratibu kama mwizi. Kutoka korido hadi dirishani, futi kumi na mbili. Kutoka sebuleni hadi ukuta wa bafu, futi kumi na moja. Nikauona ukuta wa plaiwudi katikati kabla sijauchora. Upande wa dirisha kwa kijana na mkewe na mtoto atakayezaliwa. Upande wa korido kwa Mama. Kasuku atalala nasi.

Mtoto mchanga anahitaji hewa. Mama hauoni mwanga, nikajisemea, dirisha la nini.

Nimeiandika sentensi hiyo na nimeitazama. Sikuifuta, maana ndivyo nilivyofikiri.

Jumanne, 16 Julai

Wameingia Jumamosi. Vitu vyao vimejaa korido yote — jokofu, makochi, magunia ya vyombo, baiskeli ya kijana. Mtu mwenye macho mawili mazima anapita hapo kwa ubavu. Mama nimempeleka kwa dada kwa siku chache, na nimemwahidi kwa kiapo kwamba ni siku chache.

Kazi inakwenda vizuri. Nikasema mlango wa korido hautamfaa tena Mama, atajikwaa afe. Nimemwita jirani mwashi, tumeuziba kabisa, na tumefungua miwili upande wa sebule. Mmoja wa kijana na mkewe, mmoja wa Mama. Sasa atatoka kitandani moja kwa moja mpaka kwenye kiti chake cha sebuleni, haguswi na kitu. Mwashi akasema, "Wewe unamjengea mama yako ikulu." Nikasema ikulu ya futi tano na inchi nane.

Nimefurahi leo. Sijaficha. Mikono ikifanya kazi moyo unapoa.

Jumamosi, 20 Julai

Mama amerudi.

Nimekesha na jambo moja tu wiki hii, kwamba asipotee ndani ya chumba chake mwenyewe. Kwa hiyo nimepanga kila kitu kama kilivyokuwa. Akiingia mlangoni, kitanda kushoto. Meza ya jagi kulia. Msumari wa taulo nyuma ya mlango, usawa wa bega — nimempima kwa bega langu nikatoa inchi nne. Hatua sita mpaka miguuni mwa kitanda. Nilifumba macho nikatembea mwenyewe mara tatu kabla hajaja.

Nikamshika mkono nikamwingiza. Akaachia mkono wangu palepale kizingitini. Akaenda. Kitanda. Jagi. Taulo. Akafika miguuni, kidole gumba kikatua kwenye alama yake, akatabasamu.

"Hujahamisha kitu," akasema.

"Mlango tu, Mama. Na ukuta kidogo."

"Basi ni kilekile."

Mke wangu alisimama nyuma yangu anafuta macho kwa pindo la nguo. Hata mkwe, ambaye haya zinamzidi na tumbo limemlemea, akasema, "Baba, umefanya jambo kubwa." Alhamdulillahi. Nimesali rakaa mbili za shukrani hapa hapa karakanani, juu ya vumbi la mbao.

Jumatano, 24 Julai

Mama amezoea. Kasuku anamfuata nyuma nyuma na kufumba macho, wanacheza kipofu. Nimemkemea. Mama akaniambia nimwache, huyo ndiye pekee ndani ya nyumba anayejua kazi ya kutoona ilivyo.

Ijumaa, 2 Agosti

Jambo dogo, lakini limenikaa.

Nimempelekea chai baada ya alasiri. Alikuwa bado juu ya msala, hajainuka. Akasema, "Baba, siku hizi barabara imehamia begani kwangu."

Nikamwuliza vipi.

"Zamani nikisali naisikia mbele. Magari, watoto wa shule, yule anayeuza ndoo. Wote walikuwa wananipita mbele ya uso. Sasa wako bega la kushoto."

Nikamwelezea. Ni ile plaiwudi, Mama, sauti ikigonga mbao inapinda. Hapo zamani palikuwa wazi. Nilizungumza kwa uhakika sana, na nilimwambia hata unene wake, robo tatu ya inchi.

"Na upepo siupati."

Dirisha liko kwa mtoto, Mama.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye fundi."

Akaongeza kwamba wakati mwingine akisali kichwa kinamzunguka, anahisi kama amekalishwa upande. Nimemwambia mke wangu ampeleke zahanati apimwe presha.

Jumatatu, 12 Agosti

Mtoto wa kiume. Alfajiri, mzima, mama yake mzima. Nimemwadhinia sikioni mwenyewe, na sauti ilinikatika katikati nikaanza upya. Mama alimpakata akampapasa uso mzima kwa kidole kimoja, polepole, kama anasoma. Akasema ana pua ya marehemu baba yangu, maskini.

Presha ya Mama walipima wiki iliyopita. Haina neno.

Nyumba inanuka maziwa na sabuni. Tuko saba. Mke wangu amesema mwingine akija atalala kwenye droo. Kijana amebeba kitanda cha mtoto nilichokiunda mwenyewe, akakiweka ubavuni mwa ile plaiwudi, upande wao. Upande wa pili wa plaiwudi ndipo kilipo kitanda cha Mama. Mtoto akilia Mama anagonga ubao kwa vidole, tu-tu-tu, na mtoto ananyamaza. Nilidhani ni bahati. Imetokea mara nne.

Alhamisi, 15 Agosti

Astaghfirullah. Astaghfirullah.

Sijui nianzie wapi. Nianzie bafuni.

Mkwe aliniomba rafu ya kuwekea vitu vya mtoto. Baada ya alasiri nikaingia bafuni na keekee na skrubu, nikasimama nimeukabili ukuta. Ukuta ule ni wa chumba cha Mama, juu yake pana matundu ya hewa. Nikamsikia Mama. Alikuwa ameshatoa salamu, yuko kwenye dua, na dua za Mama ni ndefu kwa sababu hamsahau mtu. Akamtaja dada. Akamtaja mke wangu. Akamtaja mtoto, bado hana jina, akamwita mgeni. Akanitaja mimi — Mola mwangazie mwanangu kaburi lake kama alivyoniangazia mimi chumba.

Sauti ilikuwa inanijia usoni. Haikutoka kando wala nyuma. Usoni kabisa, kama mtu aliyesimama mbele yangu. Nikafikiri, mbona Mama ananitazama.

Kisha nikaona nilipo. Kulia kwangu sinki. Kushoto kwangu choo.

Nikatoka na keekee mkononi, nikazunguka mpaka mlangoni kwake, nikausukuma taratibu. Mama amekaa juu ya msala, mgongo kwenye ubao wa kitanda, viganja juu. Ameukabili ukuta wa bafu. Kibla iko kushoto kwake, nyuma ya plaiwudi, dirishani kulekule ilikokuwa siku zote. Kibla haikuhama. Mimi ndiye niliyehama na kitanda. Nimekigeuza chumba kizima robo mzunguko, kama mtu anavyogeuza sanduku, kitanda na jagi na msumari wa taulo, ili asipotee.

Alama niliichonga kwenye kitanda. Fundi wa miaka thelathini. Alama ya kibla nimeiweka kwenye kitu kinachohama.

Siku ishirini na sita. Mara tano kila siku. Nimezidisha pembeni ya ukurasa huu kisha nikakwaruza.

Akasema, "Nani hapo?"

Nikasema ni mimi, Mama. Napita tu.

Ijumaa, 16 Agosti

Nilimngoja Sheikh wetu mpaka watu wote walipomaliza kumpa mkono. Nikamweleza kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Kuna fundi mmoja, nikasema, ana mama yake kipofu. Sheikh akanitazama mikono, vidole vyenye gundi, akaacha niendelee.

Nilipomaliza akasema, "Huyo fundi mwambie mama yake hana kosa. Alijitahidi, akamwamini aliyemwamini. Za nyuma, kwa ninavyojua mimi, asimsumbue kuzirudia, Mola ni mwenye kusamehe."

Nikavuta pumzi.

"Lakini fundi amejua lini?"

Jana, nikasema. Kabla ya magharibi.

"Basi tangu magharibi ya jana, hizo si za mama tena. Ziko shingoni mwake."

Nikamwambia huyo fundi anaogopa. Mama akijua atajiona mzigo, ataomba apelekwe kwa binti yake, na huko hana raha.

"Anaogopa mama asije akaondoka, au anaogopa mama asije akajua?"

Akanishika bega akasema tusalimie nyumbani kwa huyo fundi.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anachagua mchele. Mkono ukasimama.

"Ulipima kitanda," akasema. "Ukapima mlango. Ukampima mama yako mpaka bega lake. Kibla hukuipima."

Nikasema najua.

"Mwambie leo."

Nikamwambia ngoja kwanza. Huenda naweza kukigeuza kitanda nikarudisha ilivyokuwa, bila maneno. Akanitazama kwa huruma niliyoichukia. Nikaenda na tepu hata hivyo. Kitanda ni futi sita na inchi nne. Chumba cha Mama, kutoka plaiwudi hadi korido, futi tano na inchi nane. Nilikijua kipimo hicho tangu Julai. Nilikuwa napima ili niwe nafanya kitu.

Nivunje plaiwudi? Upande wa pili kuna mtoto wa siku tano na mama yake hajakaa sawasawa. Nichonge alama mpya ubavuni mwa kitanda? Itabidi nimwambie ni ya nini.

Neno lenyewe ni moja. Kushoto. Mama, geuka kushoto. Kasuku anaweza kulisema.

Lakini nalisikia na linalolifuata. "Kwa hiyo nilikuwa naelekea wapi?" Na mimi nimjibu. Mwanamke aliyetawadha kwa maji baridi maisha yake yote, aliyenifundisha sura ya kwanza akiwa ananikuna mgongo nilale. Nimjibu, chooni, Mama.

Jumapili, 18 Agosti

Nimeingia kwake mara tatu. Mara ya kwanza nikamwuliza kama anataka maji. Mara ya pili nikamwuliza kama anataka maji. Mara ya tatu akasema, "Baba, leo unataka nizame?"

Jumanne, 20 Agosti

Nimepata jingine la kunimaliza.

Nilikuwa nakaza bawaba ya kabati upande wa mkwe, yeye ananyonyesha amenipa mgongo. Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, je, amewahi kumwona Bibi akisali?

Akasema ndiyo, Baba. Tangu wiki ile ya kwanza aliporudi. Mlango ulikuwa wazi.

Na hukuona kitu?

"Nilikuwa mgeni hapa, Baba. Sikujua kibla ya nyumba hii iko wapi, nikaona haya kuuliza. Nikamtazama Bibi, nikafuata."

Nikaacha bisibisi. Na wewe?

"Mpaka nilipojifungua," akasema. "Kwa nini, Baba?"

Kijana wangu hakuweza kumsahihisha kwa sababu kijana wangu husali Ijumaa kwa Ijumaa, na huko anageuzwa na watu. Kwa hiyo wanawake wawili, plaiwudi katikati, wote wameukabili ukuta wa bafu. Mmoja anaifuata alama yangu, mwingine anamfuata yule anayeifuata alama yangu. Na mimi nikitoka msikitini nawakuta nyumbani nasema alhamdulillahi, nyumba ina ibada.

Nikamwambia mkwe. Yeye nimeweza kumwambia. Maneno yalitoka kama maji. Alilia kidogo, bila sauti, asimwamshe mtoto, kisha akauliza, "Na Bibi anajua?"

Nikasema nitamwambia.

"Lini, Baba?"

Hakuwa ananisuta. Aliuliza tu. Hilo ndilo baya zaidi.

Jioni dada amepiga. Anakuja Jumamosi kumwona mtoto. Na akishafika, anasema, tukae kitako tuyamalize ya Mama. "Nasikia mmemweka kwenye chumba hakina dirisha." Sijui nani amemwambia. Kasuku alishika simu ya mke wangu jana, huenda ndiye. Sikuweza kubisha. Nimwambie nini, kwamba dirisha silo kosa kubwa?

Nimewaza hivi. Akija Jumamosi akute Mama hajui, atajua mwenyewe ndani ya saa moja, jicho lake lilivyo. Atamwambia Mama mbele ya watu wote, kwa ile sauti yake ya kutangaza. Na Mama atainuka aulize fimbo yake iko wapi. Hatalaumu. Ataondoka tu.

Ni lazima nimtangulie dada. Siku mbili, tatu.

Alhamisi, 22 Agosti

Niliona nimepata njia. Naiandika ilivyokuwa, kwa sababu ndiyo kwanza imetokea.

Nilijisemea, nitasali naye. Alasiri, chumbani kwake. Nitasimama mbele mimi, nimeelekea kibla ya kweli, yeye atanifuata kwa sauti. Mtu hufuata sauti ya imamu wake. Atageuka mwenyewe bila kujua amegeuka. Tutafanya hivyo leo, kesho, keshokutwa, mwili wake uzoee, na siku moja nitachonga alama mpya nimwambie ya zamani imelika. Ndivyo nilivyopanga. Nilitawadha mara mbili.

Nikagonga. Nikasema, Mama, leo tusali pamoja.

Uso wake. Sijui nitauandikaje. Alisema tangu nikiwa mdogo hatujasali wawili peke yetu, na kwamba amekuwa akiliombea hilo, akaona haya kunisumbua kwa sababu nina kazi. Akasimama. Hatua sita. Kidole kwenye alama. Akatandika msala wake, akaunyoosha pembe kwa mguu.

Mimi nikatandika wangu kuelekea plaiwudi. Nafasi ndogo, magoti yangu karibu yaguse kitanda. Upande wa pili mtoto alikuwa anakoroma kama paka. Nikanyanyua mikono. Nikasema Allahu Akbar.

Kimya nyuma yangu. Si nyuma. Kando.

Nikasoma kimoyomoyo, nikangoja nisikie nguo zake zikigeuka. Hazikugeuka. Nikarukuu. Nikainuka. Halafu akazungumza, katikati ya sala, Mama ambaye hajawahi kuzungumza katikati ya sala, maana yeye hakuwa ameingia.

"Baba, uko wapi?"

Nikakatiza. Mola anisamehe. Nikasema niko hapa, Mama.

"Nakusikia. Lakini mbona uko ubavuni kwangu?"

Nikatazama plaiwudi.

"Uko upande wa barabara," akasema.

Alinyoosha mkono wa kushoto, akapapasa hewa, akanigusa mgongo. Akashuka na kiganja chake mpaka kwenye bega, akalifuata bega hadi mwisho, akajua nimeelekea wapi. Kisha akaurudisha mkono kifuani kwake, akajipapasa yeye, bega lake mwenyewe, kama anajipima. Mimi nimepima watu na mbao miaka yote hii, sijawahi kuona mtu akipima polepole vile.

"Sisi wawili," akasema, "mmoja ameupa uso ukuta tu. Ni nani?"

Sauti ilikuwa ya kawaida. Ndiyo sauti aliyonitumia utotoni aliponiuliza nani amevunja mtungi, na huku ameshauona uji kwenye miguu yangu.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo, na lile neno lilikuwa pale, mbele ya meno. Nikasema, "Mama, kuna mteja nje. Nakuja sasa hivi."

Hakuna mteja.

Niko karakanani, nimekaa juu ya mbao za watu, naandika kwenye daftari la vipimo. Jua limeshavuka kizingiti, linapanda kwenye benchi. Wakati wa alasiri unakwenda na hakuna kati yetu aliyesali. Misala miwili iko chini kule ndani, mmoja umetazama huku, mwingine kule, na yeye amesimama kati yake. Sijamsikia akikaa. Mama hakai kama anamngoja mtu.

Mke wangu amepita mlangoni na ndoo, akanitazama, akaendelea.

Kushoto. Neno moja.

Ananiita. Hana hasira. Anauliza kama mteja ameshaondoka.